"undefined reference to `curl_easy_init'" ingawa -lcurl ipo

Ndugu, maktaba ya curl unayo na msimbo wako ni sawa. Tatizo ni mpangilio wa amri yako, `gcc -lcurl pakua.c -o pakua`. Linka, yaani programu inayounganisha msimbo wako na maktaba, husoma kutoka kushoto kwenda kulia. Ilipofika kwenye -lcurl (chaguo la kuunganisha maktaba ya curl) hakuna faili iliyokuwa imehitaji chochote humo, na kwa kuwa gcc ya Ubuntu huwasha yenyewe `--as-needed` (unganisha maktaba zinazohitajika tu), maktaba ikaachwa. Ndiyo maana amri hiyohiyo inaweza kupita kwenye Debian ikakwama kwako. Kwa maktaba za .a (zinazonakiliwa ndani ya programu yenyewe), mpangilio huo hukwama hata kwenye Debian.

Andika hivi, maktaba ije baada ya faili yako (pkg-config hukuandikia -lcurl):

`gcc pakua.c -o pakua $(pkg-config --cflags --libs libcurl)`

Ukitumia Makefile (faili ya maelekezo ya make), weka -lcurl kwenye LDLIBS, usiweke kwenye LDFLAGS. Kanuni za ndani za make hutanguliza LDFLAGS kabla ya faili zako, na utarudi kwenye kosa lilelile. Wengi hunasa hapa.

Ukiona "cannot find -lcurl", hilo ni jambo jingine: linka inatafuta libcurl.so, na kifurushi cha kawaida huleta libcurl.so.4 tu. Sakinisha libcurl4-openssl-dev.

Mwisho endesha `ldd pakua | grep curl`, inayoonyesha kama maktaba ya curl inapatikana programu ikiendeshwa. Ikisema "not found", linka imeshamaliza kazi yake. Mfumo ndio hauioni maktaba wakati wa kuendesha programu. Kama uliiweka mwenyewe /usr/local/lib, mara nyingi `sudo ldconfig` inatosha.