Jibu: Kama Yesu ni Mungu, mbona alichoka?

Ndugu yangu, umeuliza: kama Yesu ni Mungu, mbona alichoka pale kisimani Sikari? Alichoka kwa sababu mwili wake ulikuwa mwili kweli, si vazi la kujifichia. Mtaguso wa Kalkedonia, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 451, ulikiri kwamba Yesu ni nafsi moja yenye asili mbili, ya Kimungu na ya kibinadamu, bila kuchanganyika wala kutengana. Hakuacha kuwa Mungu. Alitwaa ubinadamu wetu wote, na njaa yake, na machozi kwa ajili ya Lazaro. Huku kwetu Bagamoyo, kila Krismasi kwenye Nasadiki, sala ya kukiri imani, tunapiga magoti tukifika "akawa mwanadamu". Mimi hapo moyo hunijaa. Mungu ana mama! Na aliyekufa msalabani ndiye yuleyule aliyeumba vyote. Ndiyo maana kifo chake kinaokoa.