Makopo ya stoo nitupe wapi?

SWALI: Anti shikamoo. Nimesafisha stoo ya marehemu baba nikakuta makopo ya rangi, thina, oili chafu kwenye dumu, betri ya gari na chupa ya dawa ya wadudu ambayo lebo imefutika kabisa. Tumetangaziwa mtaani kwamba mwezi ujao kuna siku ya kukusanya taka za sumu. Nimewaza nimimine vyote kwenye dumu moja iwe rahisi kubeba, ama vile vya majimaji nimwage tu chooni nimalizane navyo. Unasemaje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Afadhali umeuliza kabla, wengi huniandikia wakishamimina.

Dumu moja hapana kabisa! Hizi kemikali hazizoeani. Chukua mfano wa vitu vya kawaida tu vya kusafishia, blichi ikikutana na dawa ya choo yenye asidi inatoa gesi ya klorini, ikikutana na amonia inatoa gesi nyingine ya kukaba kifua, sasa wewe una chupa ambayo hata hujui ina nini. Halafu oili chafu ikiwa peke yake inasafishwa na kutumika tena, ukishaitia thina imeharibika, na wapokeaji wanaweza kukurudisha nayo nyumbani.

Chooni nako usijaribu. Kama choo kinaingia kwenye shimo, sumu inaua wale bakteria wanaoozesha uchafu na nyingine inapenya ardhini mpaka kwenye maji ya kisima.

Kwa hiyo kila kitu kibaki kwenye kopo lake la asili, kifuniko kimekazwa. Kopo linalovuja liweke ndani ya ndoo kubwa ya plastiki, zungushia mchanga mkavu. Ile chupa isiyo na lebo usiifungue unuse (najua mkono unawasha), andika kwenye karatasi "sijui ni nini, ilikuwa stoo" ubandike, na siku ile uwaambie hivyo hivyo. Betri isimame wima, isilazwe, ina asidi ndani. Vyote vipange kwenye boksi vikae kwenye buti, siyo pale kwenye siti na watoto, na sigara weka mbali.

Na tafadhali usihamishie kitu kwenye chupa ya soda au ya maji. Mimi niliwahi kuweka thina kwenye chupa ya maji ya kunywa, mgeni akaishika akitaka kunywa, nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka.

Kabla ya siku yenyewe uliza wanapokea nini, maana mitungi ya gesi na risasi za bunduki sehemu nyingi hawapokei. Rangi ya maji ikishakauka kabisa kwenye kopo, sehemu nyingi inakubalika kwenye taka za kawaida, ya mafuta ndo uipeleke.

SWALI: Anti, taa ya tyubu imepasuka chumbani, nifagie?

JIBU: Usifagie! Ina zebaki kidogo ndani na ufagio utaisambaza. Toeni watoto, fungua madirisha mkae nje kama dakika 10 hivi, halafu okota vipande kwa karatasi ngumu, ule unga uvute kwa selotepu, tia vyote kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, iweke nje ikisubiri siku ya kukusanya.