Bwana Shamba, huu wa kwangu ni mkonge kweli?

SWALI: Shikamoo Bwana Shamba. Mwaka jana nilinunua kashamba huku Mkinga, dalali akasema mpakani kuna mkonge umeshakomaa ni kuvuna tu, bei ikapanda hapohapo. Sasa jirani yangu aliyefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge miaka mingi kaja kuangalia kasema mama huu sio mkonge, majani yanang'aa sana. Halafu mmoja umetoa mlingoti mrefu kupita nyumba, watu wananiambia niukate unanyonya nguvu za majani. Nifanyeje? – Mama Wawili, Mkinga

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa hiyo bei. Picha zako nimezikuza kwenye simu nikaenda moja kwa moja kwenye ncha ya jani maana mkonge unajulikana hapo. Mkonge wetu wa Tanga una mwiba mmoja mweusi mgumu kwenye ncha, unatoboa mpaka kandambili, sisi tuliokulia kambini makovu yake tunayo hadi leo, na rangi yake imepauka kama imepakwa majivu. Wa kwako ncha haina ule mwiba, jani ni pana la kijani kibichi linang'aa, na kule chini karibu na shina naona vimiba vichache vimejikunja. Vunja jani moja unuse. Likitoa harufu mbaya basi ni Furcraea, ile inayoitwa katani ya Mauritius, na jina lake la kitaalamu foetida maana yake ndo hiyohiyo, inayonuka. Jirani yako yuko sahihi kabisa.

Ila usiing'oe jamani! Ni ndugu wa mkonge, ukoo mmoja, tofauti ni kwamba mkonge asili yake Mexico na hii ni ya visiwa vya Karibi na kaskazini mwa Amerika Kusini. Singa zake, yaani nyuzi za ndani ya jani, ni ndefu, nyeupe na laini kuliko za mkonge, lakini hazina nguvu kama zile, kwa hiyo kamba ya kufungia ng'ombe usijaribu, ila mkeka au kikapu vinatoka vizuri sana. Kule Mauritius walikuwa wanazifumia magunia ya sukari. Ninachokuomba tu usimuuzie mtu kama mkonge, wewe mwenyewe umeshaona inavyouma.

Sasa mlingoti. Hapa wengi wanakosea. Mmea ukishatoa mlingoti ndo umefika mwisho, utachanua halafu utakufa, iwe mkonge iwe hiyo yako, na kuukata hakuurudishii ujana. Uache. Angalia maua yakifunguka, ya kwako yatainamia chini wakati ya mkonge husimama yanaangalia juu, huo ni ushahidi mwingine. Baada ya maua utaona vimche vidogo vimeota hukohuko juu kwenye matawi, hiyo ndo mbegu yako. Mkonge wa Tanga ulianza hivyohivyo, mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika mizima 62 tu, ikapandwa Kikogwe kule Pangani, na kutoka kwenye hiyo 62 yakaja mashamba yote yale, mpaka miaka ya 60 Tanzania ikawa inaongoza dunia nzima. Mimi kila nikipita Korogwe nikaona mistari ile inavyokwenda mpaka mlimani naikumbuka hiyo 62.

Kwa hiyo okota vimche vyako, vikuze kwenye kitalu mwaka mmoja hivi ndo uvipeleke shamba. Na kama unataka mkonge wenyewe tafuta miche ya mkonge, subiri miaka 2 hadi 3, ukianza kukata, kata majani ya chini tu, acha kama 20 juu. Na ujue mapema kwamba kilo 100 za majani zinakupa singa kilo 4 hivi, zilizobaki zote ni maji na makapi.

SWALI: Nikichuna mkonge kwa mkono nawashwa mpaka viwiko, ni aleji? – Kijana wa Muheza

JIBU: Ni utomvu mdogo wangu, una vichembe vyenye ncha kama sindano usivyoviona kwa macho, vinachoma ngozi. Vaa glavu ndefu na mikono mirefu, usijifute uso, ukimaliza nawa kwa sabuni na maji mengi. Ukivimba au ukitoka malengelenge acha kazi uende hospitali.