Mkupuo, pensheni ya mwezi na namba 150

Zidisha 12.5 kwa 12, utapata 150. Namba hiyo haisikiki sana kwenye ubishi wa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya watumishi wa umma wanaostaafu, lakini kila mtumishi anayekaribia miaka 60, kuanzia ofisi za Mtumba hadi shule za Chamwino na Kongwa, aijue kabla hajasaini fomu.

Tuanze na kanuni. Chukua wastani wa mshahara wa mwaka kwa miaka 3 iliyokuwa bora ndani ya 10 ya mwisho, zidisha kwa miezi uliyochangia, gawanya kwa 580. Jibu ni pensheni yako kamili ya mwaka. Tangu mwaka wa fedha 2024/25, kwa waliotoka mifuko iliyokuwa ikilipa mkupuo wa 50%, yaani PSPF (mfuko wa zamani wa watumishi wa umma) na LAPF (wa serikali za mitaa), 40% ya pensheni hiyo inazidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupuo, yaani mara moja unapostaafu. Asilimia 60 inayobaki inagawanywa kwa 12 na kuwa pensheni ya kila mwezi. Waliotoka mifuko iliyokuwa ikilipa mkupuo wa 25%, mkupuo wao sasa ni 35%.

Mfano: mshahara wa msingi wa 1,200,000 na miezi 360 ya michango. Mshahara wa mwaka ni 14,400,000, na pensheni kamili ni 8,937,931. Mkupuo unakuwa 44,689,655, pensheni ya mwezi 446,897. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF na LAPF, iliyogawanya kwa 540, kuzidisha kwa 15.5 na kulipa nusu nzima kwa mkupuo, mshahara huohuo ungetoa mkupuo wa 74,400,000 na 400,000 kwa mwezi. Karibu milioni 30 zimeondoka kwenye mkupuo. Ndiyo maana kanuni za 2018 zilizoshusha mkupuo hadi 25% zilizua kilio, Rais John Magufuli akazisimamisha Desemba mwaka huohuo, na Julai 2022 ikaja 33%.

Kilio hicho kilikuwa cha haki, na chanzo cha tatizo kisisahaulike. PSPF ilipoanza 1999 ilibeba watumishi ambao miaka yao ya nyuma haikuwa na mchango wowote, nao wakastaafu na kulipwa kutoka kwenye michango ya wengine. Serikali ilikuja kulipa sehemu ya deni hilo kwa hatifungani maalumu zisizo taslimu za shilingi trilioni 2.17, baada ya mifuko minne kuunganishwa kuwa PSSSF, mfuko mmoja wa watumishi wa umma, mwaka 2018. Shimo hilo halikuchimbwa na mwalimu wala muuguzi.

Sasa turudi kwenye 150. Kila shilingi 1 ya pensheni ya mwezi unayoiachia mkupuo, unalipwa shilingi 150 mara moja. Mkupuo ulipopanda kutoka 33% hadi 40%, mtumishi wa mfano wetu aliongezewa 7,820,690 mkononi na kupunguziwa 52,138 kila mwezi. Gawanya moja kwa nyingine: miezi 150, yaani miaka 12 na nusu. Aliyestaafu na miaka 60 anaufikia mwezi huo akiwa na miaka 72 na nusu, umri ambao dawa ya presha ni ya kila siku na jembe halinyanyuki. Kuanzia mwezi wa 151, kila 52,138 ni pengo. Kama zile milioni 7.8 zilizalisha, pengo linazibika. Kama zimezama kwenye boma la Nala lililoishia kwenye lenta, hakuna cha kuziba.

Kwa hiyo anayedai mkupuo mkubwa zaidi adai kwanza pensheni ya mwezi inayokwenda na bei za sokoni. Bei zikipanda 3% tu kwa mwaka na pensheni ikabaki palepale, ile 446,897 baada ya miaka 12 na nusu itanunua vitu vya kama 309,000 za leo. Nyongeza ya wastaafu isingoje huruma ya bajeti. Iwekwe kwenye sheria, ifuate mfumuko wa bei, na kiwango chake kithibitishwe na tathmini ya uhimilivu wa mfuko, yaani uwezo wake wa kulipa miaka ijayo, ambayo ichapishwe kwa Kiswahili ambacho mchangiaji wa Mpwapwa ataelewa.

Wakati hayo yakidaiwa, linda miezi yako. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mshahara wa mfano wetu, mwezi 1 usioonekana unakula 124,138 za mkupuo na 1,241 za kila mwezi hadi mwisho wa maisha. Miezi 6 ni 744,828 na 7,448. Mara nyingi inapotea pale mtumishi alipohama mwajiri, mathalani kutoka halmashauri kwenda taasisi, au mwanzoni kabisa mwa ajira kabla jina halijakaa sawa kwenye orodha ya malipo. Fungua PSSSF Kiganjani, programu ya simu ya mfuko, toa taarifa ya michango, uilinganishe mwaka kwa mwaka na hati za mshahara: 5% yako na 15% ya mwajiri, kwa mshahara wa msingi, posho hazimo. Ukikuta pengo, andika barua kwa mwajiri na nakala kwa mfuko, ukiambatisha hati ya mwezi husika. Fanya hivyo ukiwa na miaka 50. Ukingoja 59, mhasibu wa wakati ule atakuwa amestaafu naye na majalada yako stoo.

Chunguza na jina. Barua ya ajira ikisema Yohana, kitambulisho cha NIDA kikisema John, faili litasimama. Hati ya kiapo au ya kubadili jina iandaliwe mapema. Cheo nacho kina hesabu yake: mshahara ukipanda kutoka 1,200,000 hadi 1,500,000 katika miezi 12 ya mwisho, wastani wa miaka 3 unakuwa 1,300,000 tu. Barua ya kupandishwa ikicheleweshwa, mtumishi anaumia maisha yake yote.

Na mkulima wa zabibu wa Hombolo? Sheria inamruhusu kuchangia kwa hiari NSSF, mfuko wa sekta binafsi na waliojiajiri, lakini pensheni inataka miezi 180 ya michango, ilhali yeye hushika fedha wakati wa mavuno, mara mbili kwa mwaka. Mfumo ukimdai kila mwezi kama karani, ataacha mwaka wa pili. Apokelewe michango ya miezi 6 kwa mpigo baada ya mavuno, aandikiwe miezi 6 kamili, na chama chake cha ushirika kikate kabla fedha haijamfikia mkononi.