Jibu: Magunia mawili yenye ukungu, sumukuvu kwenye moja tu

Ndugu yangu, umeuliza inakuwaje magunia mawili ya mahindi yote yaote ukungu wa kijani, halafu kipimo kionyeshe sumukuvu kwenye moja tu. Si lazima kipimo kiwe kimekosea.

Kwanza angalia kuvu yenyewe. Aspergillus flavus, kuvu ya kijani inayoota kwenye mahindi, hutengeneza aflatoksini, yaani hiyo sumukuvu, kwa jeni zaidi ya 20 zilizokaa pamoja kwenye kromosomu moja. Zipo kuvu ambazo jeni hizo zimepotea au zimeharibika. Zinaota vizuri na zina kijani kilekile, ila aflatoksini hazitoi. Kwa macho huwezi kuzitofautisha kabisa. Hizo zisizo na sumu ndizo zinazotumika kutengeneza Aflasafe, bidhaa ya kuzuia sumukuvu, ambayo humwagwa shambani ili zichukue nafasi ya zile zenye sumu.

Lakini hata kuvu yenye jeni kamili hutegemea hali. Kwenye nyuzijoto 30 hivi inatoa sumu nyingi. Kwenye 37 inaota haraka, na sumu inapungua sana. Ukame shambani nao huongeza balaa, kisha mahindi yakiwekwa kabla hayajakauka ndiyo basi. Shika punje za chini, upande ulioegemea ukuta: zikiwa zimeshikana madonge, unyevu umeingia.

Mashariki mwa Kenya mwaka 2004 yote yalikutana: kuvu ya kundi S lenye sumu kali na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa bado na unyevu. Wagonjwa 317, vifo 125.

Nakusihi, mahindi ya lile gunia lenye sumukuvu usiwape hata kuku. Kupika hakuondoi sumu hiyo.