Foki ya baiskeli ya kuruka vilima
Kaka, hiyo foki (uma wa mbele wenye shokapu) inayobonyea milimita 140 uliyopata kwa bei ya chee iache. Baiskeli ya kuruka vilima vya udongo inataka foki inayobonyea milimita 80 hadi 100. Ikizidi hapo, usukani unapanda, na ukijikandamiza ili uruke, nguvu zote zinamezwa na shokapu. Chukua ya hewa, uijaze mpaka iwe ngumu kweli. Ekseli iwe nene, ya milimita 15 au 20, ilingane na habu yako, yaani kitovu cha gurudumu la mbele. Na pima bomba la shingo la fremu kabla hujalipa, uone kama foki itaingia. Mfuko ukiruhusu, nunua foki ya RockShox Pike DJ. Ukibana, Manitou Circus Expert iliyotumika, ila kagua kama sili, zile raba za kuzuia mafuta, zinavuja.