Kabla ya kununua mshipi mnene: ndoana, chambo na zana kwa samaki wa pwani ya Dar es Salaam

SWALI: Ninaishi Kunduchi, na tangu mwezi wa Desemba nimekuwa nikitoka baharini kila Jumamosi pamoja na jirani yangu mwenye boti ndogo ya injini. Nina fimbo moja na rili yake, mshipi wa naironi wa milimita 0.35, na kisanduku cha vyambo bandia vya kung'aa. Mara nne samaki mkubwa amekula na mshipi ukakatika kabla sijamwona. Wenzangu wanaovua kwa mshipi wa mkono hujaza ndoo za changu, nami changu hawajanigusa hata siku moja. Je, ninunue mshipi mnene zaidi? Na je, kila samaki ana chambo chake?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla hujatoa fedha, naomba uitazame vizuri ncha ya mshipi iliyobaki kwenye rili yako, kwa sababu ncha hiyo hueleza kilichotokea kuliko mvuvi mwenyewe anavyokumbuka. Ikiwa imekatika laini kama iliyopitiwa na wembe, hayo ni meno. Ikiwa imechubuka na kuparara urefu wa kiganja au zaidi, imesagwa na mwamba. Ikiwa imejisokota kama springi, mshipi haukukatika hata kidogo, bali fundo lako liliteleza na kufunguka. Kila hali ina dawa yake, na mshipi mnene ni dawa ya hali moja tu kati ya hizo.

Kwa kuwa unatoka wakati wa kaskazi na unavuta vyambo vya kung'aa nyuma ya boti, yaani unarambaza, nadhani wengi wa waliokukatia ni nguru, na pengine mzia mmoja. Samaki hawa wawili wana meno makali yanayokata naironi ya unene wowote unaoweza kuupitisha kwenye rili yako. Kinachohitajika ni kipande cha waya wa chuma cha sentimita 30 hadi 50 kati ya mshipi na chambo, kilichounganishwa kwa swiveli, yaani kiungo kidogo cha chuma kinachozunguka, ili mshipi usijisokote. Chagua waya mwembamba wa rangi iliyofifia, kwa kuwa maji ya kaskazi huwa maangavu na nguru huona vizuri. Waya mnene unaometameta utakuokolea chambo, lakini utakupunguzia walaji.

Nguru ana tabia nyingine ambayo wageni wa kazi hii hawaijui. Mara nyingi huanza kwa kumkata mawindo mkia, kisha akarudi kuokota kilichobaki. Ukitumia kibua mzima kama chambo na ukaweka ndoana moja tu kichwani, utavuta nusu ya kibua, huku ukiapa kwamba samaki aliyepita alikuwa mjanja. Funga ndoana ya pili kwa kipande kifupi cha waya huo huo, uichomeke karibu na mkia. Chambo halisi huvutwa polepole, ilhali chambo bandia cha umbo la samaki huhitaji mwendo wa noti (maili za baharini kwa saa) 5 hadi 7 ili kitikisike kama kitu kinachokimbia.

Sasa tuje kwa changu, ambao ndio swali lako la pili hasa. Changu hula chini, na chakula chake ni kaa, kamba, konokono na vitu vingine vinavyotambaa mchangani na kwenye miamba. Kisahani cha kung'aa kinachopita mita mbili chini ya uso wa maji hakimhusu. Wenzako wanampata kwa sababu wameweka chakula chake mlangoni kwake. Mkatie ngisi vipande vyembamba, virefu kama kidole cha shahada, uvichome mara mbili kwenye ndoana. Ngisi nampendelea kuliko kamba kwa sababu nyama yake ni ngumu na samaki wadogo hawaimalizi haraka, ingawa nakiri kwamba changu anayesitasita humkubali kamba upesi zaidi. Chubwi, yaani uzito unaozamisha mshipi, liwe zito kiasi cha kufika chini na kutulia, si zaidi. Wakati wa bamvua, maji yetu yanapopanda na kushuka zaidi ya mita 3, mkondo utakulazimisha kuongeza uzito. Wakati wa maji mafu utapunguza.

Lifunge chubwi mwisho kabisa, na ndoana uining'inize kwenye tawi fupi la mshipi kama sentimita 30 juu yake. Kamba inayoshika chubwi iwe nyembamba kuliko mshipi mkuu, ili uzito ukikwama kwenye mwamba ukatike wenyewe na ndoana na samaki wako virudi. Kwa kuwa machubwi mengine yatabaki chini, tumia plagi kuukuu za pikipiki au nati nzito badala ya risasi, ambayo ni sumu na pia ni ghali.

Hapa niseme neno kuhusu namba za ndoana, kwa sababu ndizo zinazowapotosha wanunuzi dukani. Ndoana zenye namba tupu huwa ndogo kadiri namba inavyokua, hivyo namba 10 ni ndogo kuliko namba 4, na namba 4 ni ndogo kuliko namba 1. Baada ya namba 1 mpangilio hugeuka na kuandikwa 1/0, 2/0, 3/0, na kuanzia hapo namba ikikua ndoana nayo inakua. Anayeomba "namba sita" anaweza kupewa ndogo ya tasi au kubwa ya chewa, kwa hiyo taja na ile sifuri. Kwa changu wa kawaida anza na namba 1 au 1/0, kwani kinywa chake si kikubwa kama midomo yake minene inavyodanganya.

Tasi ni mla mwani. Mpe kidonge cha mkate au unga uliokandwa kwenye ndoana ya namba 8 au 10, na usimshike kwa mkono mtupu, maana miiba yake ina sumu inayouma sana. Ukichomwa, loweka mkono katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia.

Kwa chewa ndipo mshipi mnene unapostahili fedha yako. Chewa humeza kisha hurudi pangoni, na vita vyake huamuliwa katika sekunde chache za mwanzo, hivyo unahitaji mshipi wa milimita 0.80 au zaidi, ndoana ya 5/0 na kuendelea, na samaki mzima kama chambo. Akishaingia pangoni usivute kwa hasira. Legeza mshipi kabisa, ungoje dakika chache, na mara nyingine hutoka mwenyewe.

Kuhusu rili yako, nina shaka kwamba umekaza kupita kiasi breki yake, ile inayozuia mshipi kutoka. Mshipi wa milimita 0.35 huhimili takriban kilo 8, na breki inapaswa kuachia kwenye theluthi moja ya uzito huo, yaani kilo 2 na nusu hivi. Funga ncha ya mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, mwambie jirani avute, kisha urekebishe mpaka rili ianze kutoa kwenye kipimo hicho. Kila fundo lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, kwa kuwa naironi inayokazwa ikiwa kavu hupata joto la msuguano na kudhoofika papo hapo.

Kwa kuwa unatokea Kunduchi, kumbuka pia kwamba Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari na uvuvi ndani ya mipaka yake hauruhusiwi, hata kwa ndoana moja. Iulizeni mipaka hiyo kabla ya kutia nanga.

Ningekuwa wewe, wiki hii ningenunua waya, swiveli na ndoana za 1/0 pekee, na mshipi wa mkono wa milimita 0.60 kwa ajili ya changu. Fimbo ya pili isubiri. Mshipi wako wa 0.35 usiutupe: ufungie ndoana ndogo tano zenye manyoya meupe, uushushe na kuupandisha taratibu alfajiri, nao utakupatia vibua wa kumtegea nguru asubuhi hiyo hiyo.